Mchezaji wa Nyuma Kabisa

Hasira zangu hazijaisha, nisije nikamdanganya mtu. Ninaandika kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo naambiwa, "Si mpira tu huo?" Si mpira tu.

Ni raga. Newala tumezoea kuiita mpira wa yai, kwa vile umechongoka huku na huku. Aliyeuleta ni mwalimu wa michezo wa sekondari niliyosoma, na akatufundisha ile raga ya watu kumi na watatu. Unabeba mpira unakimbia, wapinzani wanakuangusha. Mkishaangushwa mara sita, mpira unakuwa wao. Kwa hiyo kabla hayajafika hayo, watu huupiga juu, juu kabisa, halafu wanakimbia chini yake kama nyuki. Hapo ndipo kazi ya mchezaji wa nyuma kabisa inapoanza. Yuko peke yake, hana mtu mgongoni, na lazima audake.

Mwalimu alikuwa na njia yake ya kupanga watu wa nyuma. Mwenye mbio alimweka pembeni. Asiyeogopa kuumia alimweka kati. Wa nyuma kabisa, alisema, hapangwi kwa miguu, anapangwa kwa macho na mikono. Jioni moja akatusimamisha mmoja mmoja, akaupiga mpira juu. Kila msichana alifanya vilevile: alirudi nyuma kidogo, akaungoja uanguke, ndipo akainama kuuokota. Na mpira wa yai ukishagusa chini hauna adabu. Unaungojea kushoto, wenyewe unaruka kulia.

"Mbona mnaungoja?" Mwalimu alishika kichwa. "Dakeni!"

Tukacheka. Yeye si wa huku, angejua nini. Sisi tumekulia chini ya mikorosho. Tangu tunatambaa tunaambiwa usitungue, usitikise mti, korosho ikiwa tayari itaanguka yenyewe, kazi yako kuokota. Ukitungua unachapwa. Mwili umeshafundishwa hivyo: kinachotoka juu kiache kwanza kifike chini.

"Nyie watoto wa korosho mtaniua," akasema.

Zamu yangu ilipofika niliudaka. Wala sikufikiri. Nyumbani kwetu Chilangala mimi nilikuwa mtoto wa kukinga maji. Mvua ikianza mama alinitoa nje na ndoo, sufuria, hata bakuli la mboga, maana maji ya bondeni ni kuteremka na kupanda mpaka magoti yalie. Tone likifika mchangani limepotea. Nikawaambia wenzangu, "Jamani, hii si korosho, hii ni mvua. Kingeni!" Wengine wakajifunza kidogo, wengine hawakujifunza hata kidogo. Jezi namba moja, ambayo katika raga hii ni ya mchezaji wa nyuma kabisa, ikawa yangu na hakuna aliyebisha.

Kisha nikamaliza kidato cha nne, kisha nikapata mimba, kwa mpangilio huohuo, nawaambia wanaopenda kuuliza. Matokeo yangu hayakunipeleka popote. Baba wa mtoto alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya vito na huko kanyamaza kama mawe yenyewe. Mtoto alipoweza kukaa bila kushikwa, nikarudi mazoezini.

Ndipo habari ikaja. Kuna wageni kutoka Dar watakuja Masasi kututazama tukicheza na wasichana wa huko. Watakaochaguliwa watachukuliwa kwenye kambi ya timu yao, watalala na kula huko, na watasomeshwa ufundi. Mwalimu alitamka mwenyewe, mbele yetu wote, kwamba wanachotafuta hasa ni mchezaji wa nyuma kabisa. Mwenzenu nilirudi nyumbani sihisi ardhi. Sikuwa na mlango mwingine duniani, na huo mmoja ulikuwa umekatwa kwa kipimo changu.

Sasa, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mdomo wa ukoo ni mjomba. Watu wa mbali wakisikia hivyo husema basi wanawake wa kwenu mna raha. Tuna nyumba, ndiyo. Mdomo hatuna.

Mjomba alikuja asubuhi, mama akiwa anapepeta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia mpira unaudaka kwa kifua."

"Kwa mikono, mjomba. Kifuani naukumbatia tu."

"Kifua hicho si chako sasa. Kina mwenyewe." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Ziwa likigongwa maziwa yanaharibika. Huyu akiharisha utasemaje?"

"Zahanati hawajaniambia hivyo."

"Zahanati ndiyo iliyokucheza unyago?"

Mama akaweka ungo chini. "Mwache akacheze, kaka. Nitakwenda naye mimi, nitambeba mtoto."

 Mjomba aliondoka akaenda kumtafuta mwalimu. Walikaa wawili kwenye benchi la duka, na walichozungumza nilikijua siku ya mazoezi, mwalimu aliponipa jezi ya pembeni.

"Pembeni hakuna mipira mingi ya juu," akasema. "Ni salama. Mimi na mjomba wako tumeelewana."

"Mmeelewana juu ya matiti yangu?"

Wasichana wakaguna. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu akatazama viatu vyake, lakini jezi hakuirudisha. Namba moja alimpa binti mmoja mwembamba, mwenye mbio kuliko sisi wote, ambaye mpira wa juu alikuwa bado anauokota. Binti mwenyewe hakuiomba. Aliivaa kama anavishwa nguo ya maiti.

Masasi tulikwenda kwa gari la kukodi. Mjomba alikaa mbele na dereva, eti yeye ndiye mlezi wa msafara. Mama alikaa nyuma na mimi, mtoto mapajani.

Mpira wa juu wa kwanza ulipigwa kabla hatujapata hata jasho. Binti wa namba moja akarudi nyuma, akangoja. Ukadunda, ukamruka, msichana wa Masasi akauzoa akaenda kuulaza nyuma ya mstari wetu, na hilo ndilo bao la raga. Wakapiga tena vilevile. Wao si wajinga. "Kinga!" nilipiga kelele huko pembeni mpaka koo likachanika. "Kinga, mwenzangu!" Hakuweza. Nilisimama pale kwenye usalama wangu nikitazama kazi yangu ikiharibika.

Mapumziko nilikaa kwenye majani, miguu nimenyoosha, nikamnyonyesha mtoto huku natoka jasho. Mama akaniinamia. "Mpe upesi," akasema, "halafu kachukue mpira wako."

Kipindi cha pili, mpira ulipopanda, niliacha pembeni nikakimbia ndani. Niliukumbatia. Sitasema haikuuma. Titi upande mmoja lilikuwa bado limejaa, maumivu yakaingia mpaka kwapani, maziwa yakalowesha jezi. Nikasimama na mpira ukiwa wangu, nikakimbia. Binti wa namba moja akanifuata anahema.

"Dada, wewe kaa hapahapa. Mimi naenda huko kwako. Huku natetemeka."

"Nenda basi."

Tulipanga sisi wasichana wawili, kwa pumzi moja, jambo lililowashinda watu wazima kwenye benchi. Kuanzia hapo yeye alipaa pembeni kama kanga aliyefukuzwa shambani, na mimi sikuacha hata mpira mmoja ufike chini. Tulishindwa, kwa sababu ya kile kipindi cha kwanza. Sikujali. Nilijua nimeonekana.

Na kweli nilionekana. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Yule mwanamke akaninyooshea kidole. "Yule aliyemalizia nyuma. Ndiye tunayemtaka."

Nilikuwa nimesimama pale pale, maji mkononi.

"Yule..." Mwalimu akajikuna shingo. "Yule ana mtoto."

"Mkubwa?"

"Ananyonya," mjomba akadakia, hajaulizwa. "Na ruhusa sijatoa."

"Bibi yake hawezi kuja naye kambini?" mwanamke akauliza. Namshukuru kwa hilo moja.

"Mtoto wa ukoo halelewi kwenye kambi ya mpira."

"Nipo hapa," nikasema. "Niulizeni mimi."

Mgeni mwanamume akanitabasamia, kama anavyotabasamiwa mtoto aliyeingilia mazungumzo. Nikamgeukia mama. Muda mfupi tu uliopita alikuwa ameniambia nikachukue mpira wangu.

"Mama, sema."

Mama akakaza fundo la kanga aliyombebea mtoto. Akatazama chini. "Kaka yangu ameshasema," akajibu.

Basi. Hakuna aliyenipiga wala kunifungia ndani. Walimchukua binti mwembamba, wakampanga pembeni kwa mbio zake, na anastahili. Nafasi ya nyuma kabisa, ile iliyowatoa Dar, waliondoka nayo tupu. Afadhali iwe tupu.

Mtoto hakuharisha. Siku zile zote nilimchunguza nepi kwa nepi, nikitamani nimwonyeshe mjomba. Mama tunapika pamoja, tunapepeta pamoja, jambo lile hatujaligusa. Nikimtazama naona hata yeye siku moja alimtazama mtu mwingine akisubiri amsemee, na nadhani mtu yule naye alitazama chini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mjomba.

Mwalimu anasema nisubiri mtoto aache ziwa. Juzi nilimfuata uwanjani nikamuuliza kama wale wageni watarudi.

"Hawakusema."

"Uliwauliza?"

Akainama kuokota mpira. Nikamngoja ajibu, na wasichana wadogo waliokuja mazoezini nao wakangoja, hawajui tunangoja nini. Hakuwauliza.