Hasara Iliyobebwa Ipililo

Wasioijua biashara ya sarafu za mtandaoni hudhani hatari yake iko kwenye bei. Bei hupanda na kushuka kila siku, na hakuna wa kuizuia. Hatari iko kwenye levereji, yaani kufanya biashara kwa fedha unayokopeshwa na soko lenyewe papo hapo. Ukiweka dhamana ya laki moja ukashika bitikoini za milioni moja, bei ikishuka sehemu moja ya kumi tu, dhamana yako yote imekwenda. Vijana wa hapa Bariadi wanaita hali hiyo kuchoma akaunti.

Mimi sikuwahi kuchoma. Nilijifundisha mwenyewe, nyuma ya kaunta ya duka langu la vipuri vya pikipiki, kwa simu na kamusi. Sikufungua oda bila kwanza kuweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo oda ikiifikia hujifunga yenyewe, na kikomo kikiguswa niliizima simu na kuhudumia wateja. Shida yangu ilikuwa moja. Mtaji ulikuwa mdogo, kwa hiyo nililazimika kutumia levereji ya mara kumi. Nilitaka kushuka hadi mara tatu, ambako soko likitikisika mtu anabaki amesimama. Ili ushuke bila kupunguza biashara, unahitaji dhamana kubwa zaidi. Niliona ni jambo la busara, na kwa hesabu za soko lilikuwa la busara kweli.

Dhamana niliyokuwa nayo ilikuwa ng'ombe. Baba aliniachia maksai wanne na majike wawili, na kama ilivyo kwetu hakuwaweka kwake. Walikuwa Ipililo kwa mtoto wa mjomba wangu. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa, analima kwa maksai, anachukua samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki wako, na unaweza kuwataka siku yoyote.

Nilikwenda mwezi wa kumi, ardhi ikiwa bado ngumu. Mke wa binamu yangu alikuwa uani, anachagua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo.

"Karibu, mtu wa mjini," akasema. "Umeleta sukari au umeleta meno tu?"

"Nimeleta vyote, shemeji."

"Basi meno kaa nayo, lete sukari."

Binamu yangu alitoka zizini. Nilimweleza kwamba nina biashara ya kwenye simu inayohitaji mtaji na nimekuja kuchukua ng'ombe.

"Wote?"

"Wote."

Alinitazama kidogo. "Ni wako. Unawataka lini?"

"Kabla ya mnada wa Maswa."

"Na sisi tutalima na nini, shemeji?" mkewe akauliza. "Na hiyo simu yako?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wao, na kicheko hicho ndicho kinachonirudia hadi leo, kwa sababu swali lile halikuwa utani na nilijua. Nikasema msimu ukiisha nitaleta wengine. Binamu yangu akasema jembe la mkono lipo.

Niliwauza. Levereji ikashuka hadi mara tatu. Wiki chache baadaye bei iliporomoka ghafla, na vijana wengi ninaowafahamu walichoma akaunti zao asubuhi ile moja. Oda yangu ilifika kwenye kikomo, nikapoteza kidogo nilichokuwa nimekubali kupoteza, nikaendelea kuuza cheni na plagi. Walianza kuja dukani kunisikiliza. Niliwaambia wasiingize fedha ambayo hawawezi kumudu kuipoteza.

"Na wewe, mwalimu, mtaji wako uliutoa wapi?" mmoja akauliza.

"Ni mali yangu," nikamjibu. Nilisema kweli, na hapo hapo niliona aibu, ingawa sikujipa nafasi ya kujiuliza kwa nini.

Sikukanyaga Ipililo hadi mwezi wa pili. Shamba nililiona kabla ya kufika nyumbani. Pamba ya jirani ilikuwa inatoa maua. Ya binamu yangu ilikuwa inafika magotini, imeota kwa mafungu. Alikuwa amekodi maksai, lakini mwenye maksai hulima kwake kwanza, na zamu yake ilipofika mvua za kupandia zilikuwa zimepita. Sehemu iliyobaki waliilima kwa mikono, yeye na mkewe.

"Karibu, baba," mkewe akaniambia, akanipa kiti.

Tangu aolewe hakuwahi kuniita baba. Nilisubiri utani, haukuja. Aliniletea chai ya rangi, akaniomba radhi kwamba hakuna maziwa, kwa sauti ile anayotumia mtu kwa ofisa wa serikali.

Njiani kurudi nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwezi wa kumi. Niliposhusha levereji, hatari haikupungua. Niliitoa kwangu nikaiweka kwenye shamba la mtu ambaye hakufungua oda yoyote, ambaye hakuwekewa kikomo cha hasara, na ambaye adabu ilimzuia kukataa. Ningechoma akaunti kwa fedha yangu ya duka, ningeumia peke yangu.

Nilitoa mtaji wote kwenye soko la sarafu. Nilinunua maksai wanne pale pale Maswa, wazuri kuliko wale wa kwanza, nikawaswaga hadi Ipililo na kijana wa kukodi. Binamu yangu alitoka, akawapapasa migongo, akawasifu. Kisha akasema ameshapokea ng'ombe wa mtu mwingine.

"Hata hawa watatosha," nikasema. "Zizi lina nafasi."

"Lina nafasi," akakubali. "Lakini yule tumekubaliana. Kabla ya kuvuna hachukui hata mmoja."

"Hata mimi na wewe tunaweza kukubaliana."

Alicheka kwa upole, akaniuliza kama nimekula.

Maksai wale wako nyuma ya duka langu sasa, wote mahali pamoja, wanakula mashudu ninayonunua. Hawalimi shamba la mtu yeyote. Nimewaomba ndugu wawili wa huko Malampaka wanitunzie. Mmoja alisema atafikiria. Mwingine aliniuliza kwanza ilikuwaje Ipililo, nikamweleza yote, naye akasema asante kwa kumweleza.