Kingereza cha Muzee Havugimana

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Muzee Havugimana alikuwa anakaa kwenye jiwe mbele ya mulango wake na kusema Kingereza peke yake. "Gudi moningi, mai chaildi." Anangojea kidogo, kama vile kuna mutu atamujibu, ndipo anachota maji.

Tunakaa parsele moja, nyumba kadhaa ndani ya uzio mumoja, hapa mutaa wa Murara. Zamani alikuwa na ng'ombe kule Masisi. Vita ikazimaliza, akabaki na kipande cha shamba Kibumba. Binti yake, Nyiransengimana, alikimbilia Uganda na mutoto mugongoni, na kutoka kambini wakapelekwa Amerika. Yule mutoto, Umwiza, amekulia kule. Hajui Kinyarwanda, hajui Kiswahili. Neno moja la kwetu ndilo analijua: Tate, yaani babu. Ndiyo maana muzee akaanza kujifunza Kingereza. Alitaka mujukuu wake amujue.

Hakumuomba mutoto wake Twizeyimana amufundishe, hata kama wanalala nyumba moja. Twizeyimana alisoma Kampala, anafundisha Kingereza mangaribi, na kosa la Kingereza linamuuma kama jino. Mama wa mikate akisema "tenkyu", anamurudilisha aseme tena. Hata kwa matanga alisimamisha mutu aliyekuwa anasoma maneno ya pole, ili amurekebishe. Watu wakamuita Polisi ya Kingereza. Yeye alifikiri wanamusifu.

Kwa hiyo muzee alijifunza kwa watoto wa parsele, wakipitia masomo kwa sauti.

Siku ya Mungu, kisha misa, Nyiransengimana anapiga simu. Parsele yote inakusanyika, simu inapita mukono kwa mukono, kila mutu anasalimia. Muzee alikuwa anavaa koti kwa ajili ya simu. Ikimufikia, anasimulia ng'ombe wake, dume na jike wote anawaita "hi", r anaiweka pahali pa l. Umwiza kule anacheka, anauliza ng'ombe alikuwa rangi gani. Walikuwa wanasikilizana.

Siku moja Twizeyimana akashindwa kuvumilia.

"Papa, ng'ombe jike si 'hi'! Sema 'shi'!"

"Mutoto amesikia."

"Amesikia vibaya! Unatupatisha haya. Atawaambia wenzake tate yake ni mujinga."

"Polisi ameshika mutu!" mama yangu akasema, na sisi wote tukacheka. Muzee pia alicheka kidogo. Lakini simu ilikuwa imeshapita kwa mutu mwingine.

Juma iliyofuata Twizeyimana akamusimamisha kwa kila neno. Kisha muzee akabaki na "yesi" na "faini" tu. Kisha akawa anaipokea simu na kuipitisha hapo hapo. Koti akaiacha.

Halafu ikafika ile siku. Simu ilikuwa mukononi mwa Twizeyimana, sauti imefunguliwa, sisi wote tunasikia.

"Tate?" Umwiza akaita. Akauliza Tate yuko wapi.

Muzee alikuwa pale pale, goti lake linagusa goti la mutoto wake. Akafungua kinywa. Twizeyimana akamuangalia, kisha akajibu kwa Kingereza safi kabisa kwamba Tate amelala.

Umwiza akasema basi alale vizuri.

Muzee alielewa. Tulimuona akielewa.

"Mimi nimelala, Twize?" akauliza polepole.

"Papa, ni ya kufupisha tu. Mutoto ana haraka."

Hakuna aliyecheka. Mama yangu aliangalia chini. Muzee akaingia ndani, akatoka na bote miguuni na jembe begani.

"Muzee, unaenda wapi na njaa?" mama yangu akamuuliza. "Maharagi imeshaiva."

"Kibumba, mama. Shamba imelala sana."

Twizeyimana alisimama, simu bado inasema mukononi mwake. "Papa, ngojea kwanza..."

Muzee alifungua mulango wa parsele, akatupungia mukono, akaurudisha nyuma yake taratibu ili usipige kelele. Akashika njia ya Rutshuru, ile inayopita Kibumba. Hakurudi tena.