Tulivyochoma Sarafu kwa Heshima

Mimi nilikuwa katibu wa kundi la watu wazima waliokuwa wakiteketeza mali yao wenyewe, nao wana akili timamu. Nasema mapema asije mtu akadhani nawacheka wenzangu. Najicheka mimi kwanza.

Tulikuwa tukiandika blogu kwenye mtandao mmoja usiolipa shilingi. Unalipa sarafu zake wenyewe, za kidijitali. Unaandika, wenzako wanakupigia kura, unapata sarafu, ukitaka unaziuza. Sisi wa Kwale tulikusanyana kwenye kundi la simu: wa Msambweni kama mimi, wa Diani, hata mmoja wa Mackinnon Road. Bei ilipoanza kuporomoka, mwenyekiti wetu, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, akatuletea dawa. Sarafu zimezidi, alisema, ndiyo maana hazina thamani. Tuzichome. Kuchoma kwenyewe hakuna moto wala moshi: unazituma kwenye akaunti isiyo na mwenyewe, ambayo ufunguo wake hana mtu, zikapotea milele. Zikiwa chache zitapanda bei, na sote tutaneemeka.

Nilipomweleza shangazi yangu, aliniuliza kama asubuhi ile nilikunywa chai.

Hapo tungekoma. Lakini sisi watu wa pwani kitu chochote cha kutoa tunakigeuza mchango wa harusi. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nikibandika orodha kundini: nani kachoma, kiasi gani, na dua chini yake. Sasa nani atakubali jina lake liwe la mwisho? Watu wakashindana. Mmoja alichoma kwa niaba ya mkewe, mwingine kwa niaba ya marehemu babake, eti thawabu zimfikie. Loo! Nami sikucheka, niliandika Amin.

Bei ilipanda siku mbili, kisha ikashuka kuliko mwanzo. Tulikuwa tukichota bahari kwa kata. Wenye sarafu nyingi, huko waliko, hawakuchoma hata moja. Mwenyekiti akasema hatujachoma vya kutosha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukainama.

Jina moja tu lilikosekana kila Ijumaa, la mama mmoja wa Tiwi, muuza viazi vya karai. Na yeye ndiye aliyekuwa akituletea wasomaji. Watu tusiowajua kabisa walikuwa wakija kwa ajili yake na kumwachia maoni marefu. Ijumaa ya tatu nikamtania mbele ya kundi zima, kwamba harusini mtu haji na mdomo tu. Wakacheka wote. Jioni ile akachoma sarafu zake zote, nami nikamweka juu kabisa ya orodha, na dua ndefu.

Akaandika mara moja zaidi, kisha kimya. Mwezi ukapita. Wasomaji nao wakaondoka mmoja mmoja, tukabaki kupigiana kura wenyewe kwa wenyewe, "makala nzuri", "hongera ndugu", na hakuna aliyesoma neno. Niliona haya, tena nikaogopa. Nikaenda Tiwi.

Nilimkuta kwenye karai lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na sahani ya viazi, wala hakununa. Nikamwuliza mbona haandiki. Akanieleza taratibu kwamba zile sarafu ndizo alizokuwa akiziuza kidogo kidogo apate bando la kuandikia. Pesa ya viazi ni ya nyumba, haigusi. Nikamwambia bando nitamnunulia mimi, kila wiki, arudi tu, maana bila yeye kundi linakufa.

"Mwanangu," akasema, "mara ya mwisho niliandika nini?"

Nikababaika. Nikasema mihogo. Nikasema labda ile ya harusi. Yeye akageuza viazi vyake, akaniacha nitafute mpaka nikaishiwa.

"Niliwaaga," akasema. "Kura yako niliiona, ahsante."