Gazeti la Kifuani

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe. Dume halihitajiki. Mbegu yake hukaa kwenye mrija mwembamba ndani ya mtungi wenye baridi kiasi kwamba ukichovya kidole hutakitumia tena. Mtungi huo huufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Nilipoajiriwa na chama kimoja cha wafugaji upande wa Mogogosiek, kwenye vilima vya chai, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na wakulima wengi waliponiona nikishuka walichungulia nyuma yangu kuona daktari yuko wapi. Nyuma yangu kulikuwa na mtungi tu.

Nilianza mwezi wa pili, jua likiwaka, nikadhani nimepata kazi nzuri. Kisha ukaja mwezi wa sita. Ukungu ulilala juu ya majani chai hadi saa nne asubuhi, ukaondoka kidogo, ukarudi saa tisa. Ukitembea kwa miguu baridi hiyo inavumilika. Wachumaji hufunga plastiki zao kiunoni wakaendelea na kazi. Lakini juu ya pikipiki unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na kadiri unavyoharakisha kufika penye moto ndivyo unavyoadhibiwa. Nilikuwa nafika kwa watu meno yamefungana, nasalimia kwa kichwa. Mkulima mmoja alimwambia mkewe kwamba daktari mpya ni bubu lakini ana heshima.

Aliyenihurumia ni mwendesha boda mmoja wa pale stejini.

"Daktari, kifuani umevaa nini?"

"Sweta."

"Sweta ni ya kanisa. Weka gazeti." Akafungua zipu ya jaketi lake akanionyesha kurasa za michezo. "Na uchukue ile ya Kiingereza. Karatasi yake ni nzito."

Mwenye bucha alinipa furushi la magazeti ya zamani ambayo alikuwa akifungia nyama. Kila asubuhi nilikunja mawili, nikayapanga kati ya fulana na sweta, nikapiga pikipiki teke. Yalisaidia sana. Kasoro yake ni kwamba nikivuta pumzi nilisikika.

Vidole havikuwa na dawa. Nilijaribu glavu, nikajaribu soksi juu ya glavu, nikajaribu mifuko ya plastiki juu ya soksi, nikashindwa kupata klachi na kuingia kwenye shamba la mahindi la mwalimu. Mkono uliokuwa na nafuu ni wa kushoto, kwa sababu ndio unaoingia ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko, ukishika njia ya uzazi wakati wa kulia unaelekeza mrija. Hakuna mwalimu wa chuo aliyenieleza, lakini mwezi wa saba ndani ya ng'ombe ni mahali pazuri pa kuwa.

Siku moja ya mwezi huo mzee mmoja alinipigia simu asubuhi. Anakaa na mkewe ng'ambo ya vilima vitatu, mtu mrefu, mkimya, aliyestaafu zamani kutoka kazi ya reli. Ng'ombe wake alikuwa akiwapanda wenzake tangu alfajiri, ishara kwamba yuko tayari kupandishwa.

"Njoo saa nane," alisema. "Mara mbili mmenichelewesha. Usipokuja nitaita dume la jirani, na hilo dume silipendi."

Nilitoka mapema. Nikiwa katikati ya mashamba, pasipo na mti wala kibanda, ikaanza mvua ya mawe. Yaligonga helmeti kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Barabara ikawa nyeupe. Nilianguka mara moja, polepole, mtaroni, nikauokoa mtungi kwanza kisha mimi. Majani chai pande zote mbili yalikuwa yamechanwachanwa, na nilijua kwamba jioni hiyo watu wengi wangekuwa na huzuni kubwa kuliko yangu, jambo ambalo halikunipasha joto.

Mzee alikuwa amesimama langoni chini ya mwavuli.

"Umechelewa."

"Kulikuwa na mvua ya mawe."

"Nimeiona," alisema.

Nilizima pikipiki lakini sikushuka. Vidole vilikuwa vimekataa kuachia usukani. Mzee alivitazama, akaufunga mwavuli, akavibandua kimoja kimoja kama mtu anayemenya ndizi, akaniongoza hadi jikoni kwa mkewe. Huyo mama nilikuwa namwita kogo, yaani bibi. Alinivua jaketi na magazeti yakaanguka sakafuni, yamelowa. Aliziokota kurasa akazianika kwenye kamba juu ya moto, moja moja, kama nepi. Kisha akanipa kikombe cha chai, nikakishika kwa viganja viwili kama mtoto, nikasubiri vidole virudi. Vilirudi kwa maumivu, nikatazama pembeni ili machozi yaonekane ni ya moshi.

Mzee alivaa miwani akaanza kusoma kurasa zilizokauka. Alikuwa amejifunza Kiingereza chake relini na hakutaka kipotee.

"Timu ya taifa inacheza Jumamosi," alisema.

"Hilo ni gazeti la mwezi wa tatu, mzee."

"Basi wameshafungwa."

Akageuza ukurasa. Ulikuwa wa matangazo ya vifo. Aliusoma kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Halafu akasoma kwa sauti, taratibu, jina la marehemu, la mkewe, la kila mtoto, na la kila mjukuu hadi wa mwisho. Picha ilikuwa imelowa pembe moja lakini uso ulionekana.

"Ni nani?" kogo aliuliza.

"Yule wa reli."

Kogo aliuweka mwiko chini. Mimi nilikunywa chai. Baada ya kitambo mzee aliniuliza, "Vidole vimerudi?"

"Vimerudi."

"Twende kwa ng'ombe."

Nilifanya kazi yangu, yeye ameshika mkia huku anatazama kilimani. Nilipokuwa nanawa alikuja na ule ukurasa ameukunja mara nne.

"Huu unauhitaji?"

"Hapana."

"Na kifua chako?"

"Nina mwingine, mzee."

Wiki tatu baadaye alipiga tena. Ng'ombe hakuwa ameshika mimba. Sikushangaa, mbegu ilikuwa nzuri lakini mkono ulioielekeza ulikuwa umetoka kwenye barafu. Nikarudia. Safari hiyo alishika, na mwaka uliofuata alizaa jike. Lakini siku ile ya kurudia, mzee hakuniacha niondoke.

"Jumapili unafanya nini?"

"Naenda kanisani."

"Nataka unipeleke Kipkelion."

Nilimwambia Kipkelion ni mbali kwa pikipiki, na katika mwezi huu ni mbali zaidi. Kwa nini asipande gari?

"Nikipanda gari nitashuka Kericho nirudi," alisema. "Najijua. Lakini wewe nitaona aibu kukuambia ugeuze."

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Kogo alikuwa amemvika mumewe suruali mbili, koti la suti, koti jingine juu yake, na shali yake mwenyewe shingoni. Alikuwa pia amemwekea gazeti kifuani, na akaligonga kwa kiganja kuhakikisha limekaa.

"Mshike daktari," alimwambia.

"Nitashika chuma," alisema mzee, akashika chuma cha nyuma. Kwenye kona ya kwanza alinishika mimi. Wanawake waliokuwa wakielekea kanisani na Biblia zao walitutazama tukipita, na nadhani hiyo wiki walikuwa na la kuzungumza.

Tulipita Litein kwenye ukungu, taa imewashwa. Tulipofika Kericho mjini sikusikia miguu yangu. Tuliingia hotelini tukaagiza chai na mandazi, tukakaa karibu na mlango wa jikoni. Ni hapo ndipo mzee alipoanza kuongea, bila kuulizwa, akiangalia kikombe.

Yule marehemu alikuwa mtu wa kutoka Kisii. Walikuwa genge moja la kutengeneza reli pale Kipkelion, wakiwa vijana, wakilala chumba kimoja, wakipika sufuria moja. Marehemu akanunua shamba dogo hukohuko, akaoa, akazaa. Mzee naye akarudi kwao Konoin, kwenye vilima vyetu vya chai. Waliendelea kutembeleana. Kisha ukaja ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, watu wakaanza kufukuzana kwa makabila. Asubuhi moja rafiki yake alimpigia simu. Alikuwa na ng'ombe watano. Aliuliza kama anaweza kuwaleta kwake, wafichwe hadi mambo yatulie.

"Ukamwambiaje?" niliuliza.

"Nilimwambia nitakupigia."

Alimega andazi vipande vidogo lakini hakula.

"Majirani zangu walikuwa wanaangalia nani anamficha nani," alisema. "Nikangoja hiyo siku ipite. Ikapita. Baadaye nikaona aibu ya kupiga kwa sababu sikuwa nimepiga. Miaka ikaenda hivyo."

Nilikuwa mtoto wa shule mwaka huo na nilichokumbuka ni kwamba shule ilifungwa na tulifurahi. Nilitaka kulipa chai, yeye akakataa, akalipa yeye. Tukashika barabara ya Nakuru, kisha tukakata kushoto.

Tuliuliza njia mara mbili. Kwenye lango la shamba mzee alishuka akasimama hapohapo, amelishika gazeti lake kifuani kana kwamba linaweza kuanguka. Niliona kuwa nisipoingia hataingia, basi nikaingia nikipiga hodi. Alitoka mama mmoja mzee, mfupi, amefunga leso juu ya sweta. Alinitazama mimi, akatazama pikipiki, akamtazama mtu aliyebaki langoni amevaa makoti mawili na shali ya kike.

"Shemeji," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Ni kweli," alisema mzee.

"Ingia. Unapigwa na baridi."

Tuliketi. Alituletea chai, akaketi mbele yetu. Mzee alijaribu kuanza pole aliyokuwa ameiandaa, ikamkwama, akaanza upya, ikamkwama. Mwishowe akatoa ule ukurasa mfukoni akaufungua juu ya meza. Mama aliutazama.

"Hiyo tangazo ilikuwa na makosa," alisema. "Waliacha mjukuu mmoja." Akaunyoosha mikunjo kwa kiganja. "Alikungoja upige. Siku ile alishinda na simu mkononi, hata chooni alienda nayo. Jioni tukaondoka na nguo. Tulikaa kwa kakangu mwaka mzima, tukarudi. Ng'ombe hawakurudi."

"Niliogopa," alisema mzee.

"Alijua. Mimi ndiye nilikuwa na hasira. Yeye alikuwa anasema, huyo ni mwoga tangu relini, alikuwa anaogopa hata treni ya mizigo iliyosimama. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Mimi sikucheka."

Mzee alilia. Hakufunika uso. Alilia ameketi wima, mikono magotini, na gazeti la kifuani likawa linapiga kelele kila alipovuta pumzi. Mimi na yule mama tuliangalia chai. Baadaye mama aliinuka akampa kitambaa cha meza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, kando ya mahindi. Lilikuwa bado udongo. Walikuwa wanangoja mvua zipungue ndipo walijengee. Mzee alivua kofia yake ya sufu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, nami nilitamani aivae. Alikaa pale kama nusu saa. Akaongea kidogo kwa sauti ya chini, na kwa kuwa aliongea Kipsigis, lugha yetu sisi wawili, nilisikia yote, na sitayaandika.

Mama alitulisha ugali na mboga chungu za kwao. Tulipokuwa tunaaga, mzee alisema atakuja tena mwezi wa kumi na mbili, kaburi likijengwa, na kwamba atapiga simu kujua siku.

"Hapana," alisema mama. "Usiniambie utapiga. Piga sasa."

Alimtajia namba. Mzee aliibonyeza. Simu ikalia kwenye mfuko wa sweta wa mama, hatua moja kutoka tuliposimama. Aliitoa, akaipokea, akaiweka sikioni.

"Haya," alisema. "Nimekusikia."

Tulirudi tukiwa na mvua mgongoni hadi Kericho, na baada ya Kericho ikawa mbele. Mzee hakushika chuma tena. Mahali fulani kabla ya Litein nilihisi helmeti yake ikigonga yangu, kidogo kidogo, nikajua amelala. Nilipunguza mwendo. Nilipiga honi ili tu kumwamsha, akaamka, akasema hakuwa amelala, akalala tena. Hivyo niliendesha kilomita nyingi nikimwongelesha kuhusu magonjwa ya kiwele, na yeye akiitikia "ndio" mahali pasipostahili.

Kogo alitusikia tukifika akatoka na mwavuli. Alimsaidia kushuka, akamvua shali yake iliyokuwa imelowa, akaikamua pale pale uani.

"Walikupokea?" aliuliza.

"Walinipa chakula."

"Chakula gani?"

"Ugali na mboga chungu."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

Kogo aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, akamwambia aingie akae karibu na moto. Mimi aliniuliza kama nitakunywa chai. Nilimshukuru, nikamwambia nikishuka leo sitapanda tena, nikapiga pikipiki teke nikaenda zangu.