Mwaka Ambao Malori Hayakuja

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa mnadani, niliokota kwenye lundo la nguo kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Ndani yake mchungaji anafunga na kuomba, anafumbua macho na kujikuta miaka thelathini nyuma, anazuia ajali iliyomuua mkewe. Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwandishi yule aliyazoa yote, hata tope hakuchota. Nilishikwa na wivu. Nilikuwa karani mpiga chapa mjini Dodoma, nimepanga chumba Nzuguni, na nilijihesabu mwandishi mkubwa aliyekosa hadithi tu.

Hadithi ilikuwapo nyumbani. Kabla sijazaliwa, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa kwa amri ya serikali, wazazi wangu walipakiwa kwenye lori na kushushwa upande wa Ihumwa, penye vichaka vitupu. Mvua ikawakuta hawajaezeka. Dada yangu, mtoto wa miaka mitatu, akashikwa na kifua, akafa. Mama hakuwahi kusema zaidi ya maneno mawili: "Malori yalimuua."

Basi nikaandika, saa za chakula cha mchana, kwa mashine ya ofisi, juu ya Mkristo aliyepelekwa na Mungu kwenye mwaka ambao malori hayakuja. Dada yangu alikuwa hai humo, amekua mtu mzima. Nilianza hivi: "Nilionyeshwa."

Mama hakujua kusoma, na Kiswahili alijifunzia kanisani. Jumapili, nilipomtembelea Ihumwa na kumsomea sentensi hiyo, aliacha kupembua uwele.

"Umeonyeshwa lini?"

"Ni hadithi, mama. Nimetunga."

"Hadithi inaanza hapo zamani za kale. Wewe umeanza kama shahidi."

Alisema kweli. Katika ushirika wao wa wokovu, neno "nilionyeshwa" halisemwi ovyo. Anayelisema ameona maono, na wote hunyamaza. Nilirudia kwamba nimetunga. Alinitazama kwa huruma, akadhani naona aibu kushuhudia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kupata msikilizaji wa namna ile, nikaendelea kusoma.

Kila Jumapili aliuliza habari za binti yake. Ameolewa? Anasali wapi? Nilijibu, kisha nikaenda kuyaandika majibu. Wiki ya nne nilimkuta amenunua gauni la mitumba, refu, la mtu mzima. Alilikunjua mbele yangu na kulipima kwa mkono.

"Litamtosha," alisema. "Alikuwa na miguu ya baba yenu."

Nikamuuliza gauni ni la nani, nikijua.

"Jumamosi naenda mahame. Kama malori hayakuja, si yuko palepale?"

Mahame yetu, yale makazi ya zamani, ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na hakuna kitu huko isipokuwa miiba na fisi. Nilimsihi. Nilimkaripia, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Alikunja gauni lake polepole, akalifunga kwenye kitenge.

Ijumaa nilitoroka kazini mapema na sura mpya mfukoni, ya kufuta zile za kwanza. Humo, katika mwaka ule usio na malori, ndani ya nyumba kavu ya tembe, karibu na moto, mtoto anashikwa na kifua na kufa usiku wa pili. Nilisoma haraka. Niliona nimefanya la busara: sasa hakuna wa kumfuata.

Mama aliinuka, akafungia kuku bandani. Kisha akauliza kama paa lilikuwa linavuja.

"Halikuvuja, mama."

"Na malori hayakuja."

"Hayakuja."

"Basi ni mimi," alisema.

Nilimshika mikono. Nilimwambia yote ni uongo wangu, nikachana karatasi mbele yake. Hakulia, wala hakubishana. Jumamosi hakwenda popote.

Jumapili, muda wa toba ulipofika, alisimama katikati ya kanisa, mgongo umenyooka, akatubu kwamba ndiye aliyemuua mtoto wake wa kwanza, na kwamba kwa miaka yote aliwasingizia watu wengine. Wakamwimbia wimbo wa waliosamehewa, wakapanga mstari kumkumbatia. Nilikuwa benchi la nyuma. Nilijua la kusema, na sikusimama.