Sifuri za Mzee Randa

Kwa miaka arobaini Mzee Randa aliranda mbao, na vumbi la mbao likamranda yeye mapafu. Leo, kama kila mwaka, muuguzi alimsomea dodoso la kupima ukali wa ugonjwa wake. Kila swali lilikuwa na alama: sifuri mzima, tano hoi.

"Babu, ukipanda ngazi unahema?"

"Sipandi. Kitanda wameshakihamishia chini."

Muuguzi akaandika sifuri.

"Kazi za nyumbani zinakubana kifua?"

"Kazi zipi? Hata shati navalishwa na mke wangu."

Sifuri nyingine.

"We binti, sihemi kwa sababu sifanyi kitu!"

"Babu, fomu haina nafasi ya maelezo." Akajumlisha. "Mwaka jana ishirini na sita, leo tisa. Hongera, umepata nafuu! Ile mashine ya oksijeni tuliyokuwekea tutampa mwenye hali mbaya zaidi."

Mzee Randa akafungua kinywa amtolee uvivu, kisha akakifunga. Mlango ulikuwa hatua kumi na mbili, na pumzi aliyokuwa nayo ilimtosha kutukana au kutoka, si vyote viwili.