Nilimsahihisha bibi wa Kishanda ndani ya tasnifu ya mwanafunzi

Wakuu, poleni na majukumu. Nimechoka, kwa hiyo naandika bila kupamba, hata panaponiaibisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nipo Hamugembe, Bukoba. Siku hizi nasahihisha tasnifu za wanafunzi. Nukta, herufi kubwa, ngeli, basi.

Ila ukishakuwa mwalimu, kalamu inawasha.

Akaja binti wa shahada ya pili, nimwite Koku. Alikuwa amekusanya simulizi za wajane wa Kishanda, kule Muleba, kuhusu urithi wa ardhi. Akasema, "Mwalimu, naomba uniangalizie Kiswahili tu."

Kiswahili tu! Hapo ndipo nilipoharibu.

Wale bibi wanachanganya na Kihaya, sentensi zimepinda. Mmoja, Ma Adventina, alisema: "Bwana akafa, shemeji wakaja wanataka kibanja. Nikakatala."

Nikaandika: "Mume wangu alipofariki, mashemeji walitaka kuchukua shamba. Nilikataa."

(Mimi Mhaya, nimezaliwa kibanjani. Najua kibanja ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee. Sijui nilikuwa nawaza nini.)

Nikawanyoosha wajane wote. Tena nikajipongeza! Nikasave juu ya faili lake lile lile kwenye flash aliyoniletea, maneno ya awali yakapotea.

Koku akaniamini, akawasilisha hivyo hivyo.

Siku ya kutetea kazi, mtahini mmoja, mtu wa Muleba, akamuuliza: "Bibi gani wa Kishanda anaita kibanja chake shamba? Na mbona wote wanaongea kama watangazaji wa redio? Uliwahoji, au uliwatunga?"

Simu aliyorekodia ilikuwa imeshaibiwa. Hakuwa na cha kuonyesha.

Akanipigia analia. "Mwalimu, wanasema nimetunga."

Nikamwandikia msimamizi wake, nikakiri yote. Akajibu kwamba barua yangu haithibitishi mahojiano. Koku arudi akahoji upya, la sivyo shahada hakuna.

Niliona haya kumwacha aende peke yake, tukaenda wote. Wajane wengine walikubali kurudia, wengine kwa kunung'unika.

Kwa Ma Adventina tulipokelewa na mkwewe. Akatupa kahawa ya kutafuna, akatuacha tukae kwanza. Halafu akasema, "Mama hayupo. Tulimzika humu humu kibanjani."

Koku akaniangalia.

Sasa anaandika upya, bila yule bibi.

Nilichojifunza: lugha ya mwandishi sahihisha, ila maneno ya aliyehojiwa usiyaguse hata yakikukera. Ukiona tatizo, andika pembeni, muulize mwenye kazi. Halafu usisave juu ya kazi ya mtu, jamani.

Nyie mnaosahihisha kazi za watu, huwa mnaishia wapi? Semeni, hata kunisema ruksa.

Maana mashemeji walimshindwa yule mama, amelala kwenye kibanja chake. Aliyemnyang'anya kibanja kwenye karatasi ni mimi, na sina wa kumrudishia.